UZI: Imeili ya kazi si mali yako, ni ya ofisi. Huku kwetu Lamu tunazitunza vipi?

#1 KaraniWaAmu

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Amu, Mokowe, Faza na Mpeketoni, na nyinyi wa Malindi pia.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo nimeliona likiwaumiza watu wasio na kosa lolote. Fundi mmoja wa mawe alipewa kazi ya kukarabati ukuta wa baharini. Kazi ikiwa katikati, ofisa aliyesimamia akamwandikia imeili kwamba ukuta urefushwe na gharama ya ziada itaingia kwenye malipo ya mwisho. Fundi akaagiza mawe, akaongeza vijana, akamaliza kazi. Alipopeleka ankara, ofisa yule alikuwa ameshahamishwa na anwani yake ya imeili imefungwa. Faili la mradi likafunguliwa mezani mbele yake. Mkataba upo, michoro ipo, barua ya kuanza kazi ipo. Idhini ya kurefusha ukuta haipo. Mhasibu akasema hawezi kulipa kitu kisicho na karatasi, na kwa upande wake alikuwa na haki. Fundi alikuwa na nakala aliyoiprinti saiba, lakini ilikatwa juu, haionyeshi imetoka kwa nani wala imeandikwa siku gani.

Ofisi siitaji, maana si moja. Na katika kisa hiki hakuna aliyekula pesa wala aliyeficha faili. Idhini ilikaa kwenye kikasha cha mtu mmoja, mtu akaondoka, basi.

Waliofanya kazi ya masjala wanajua barua ya karatasi ilivyokuwa ikipita. Inafika, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye daftari, inapewa nambari ya folio, inatiwa kwenye faili, ndipo faili lipelekwe kwa mkubwa. Mkubwa akihamishwa kwenda Garissa au Kwale, faili halihami naye. Imeili ilipokuja iliipita masjala mlangoni ikaenda moja kwa moja kwa mkubwa. Hakuna aliyeigonga muhuri, hakuna aliyeiandika daftarini. Tukaendelea kutunza karatasi kwa heshima zote huku maamuzi yenyewe yakifanyika kwenye simu na laptopu za watu.

Sheria haina shaka juu ya hili. Sheria ya Kupata Habari, nambari 31 ya 2016, kifungu cha 17, inaitaka kila taasisi ya umma itengeneze na kuhifadhi kumbukumbu za kutosha kuonyesha sera zake, maamuzi yake na shughuli zake, na inazitaja waziwazi zile za kielektroniki. Mwananchi akiomba habari, ofisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Na tangu zamani Sura ya 19, sheria ya nyaraka za umma ya 1965, inakataza kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini ya mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa kule Nairobi. Kwa hiyo ofisa anayefuta imeili za miaka mitatu nyuma kwa sababu kikasha kimejaa anagusa kitu asicho na mamlaka nacho.

Nataka tujadiliane kwa uwazi: katika ofisi zenu, idhini ikitolewa kwa imeili, inakwenda wapi baada ya hapo?

#2 BintiMkomani

Waaleikum salaam Bwana Karani. Ahsante kwa kulitoa jambo hili hadharani. Mimi ni katibu katika shirika dogo hapa mjini. Kwa kweli asubuhi moja naweza kukuta imeili hamsini. Kuna wanaosema "ahsante, nimepokea", kuna mialiko ya semina, kuna matangazo ya hoteli, kuna mfadhili anauliza ripoti, kuna mkurugenzi anasema "sawa, endelea". Nikianza kutia zote kwenye faili sitafanya kazi nyingine. Nizichague vipi?

#3 KaraniWaAmu

Dada yangu, swali lako ndilo lenyewe, na wengi huishia hapo wakaacha.

Usiangalie imeili ni ndefu au fupi, rasmi au ya kawaida. Jiulize: mtu akija miaka mitano baadaye akauliza "nani aliamua hivi, lini, na kwa nini", imeili hii itamjibu? Ikiwa itamjibu, ni kumbukumbu. Idhini, agizo, ahadi, bei iliyokubaliwa, malalamiko ya mwananchi na jibu lake, ushauri uliofanya uamuzi ubadilike, taarifa ya mkutano na orodha ya walioalikwa, zote hizo zinaingia. Mwaliko wa semina usioenda, tangazo, "ahsante nimepokea", nakala uliyotumiwa kwa kujulishwa tu huku mwenye kazi ni mwingine, hizo zifute bila wasiwasi zikishamaliza kazi.

Sasa ile "sawa, endelea" ya mkurugenzi. Hiyo ndiyo inayotupwa kila siku, na mara nyingi ndiyo yenye uzito kuliko ripoti ya kurasa thelathini, kwa sababu ndiyo idhini. Lakini peke yake haisemi kitu. Sawa kuhusu nini? Ihifadhi pamoja na imeili uliyomuuliza.

Nani ahifadhi? Imeili ya ndani ya ofisi ihifadhiwe na aliyeiandika. Inayoingia kutoka nje ihifadhiwe na aliyeipokea kama mwenye kazi hiyo. Mkikubaliana hivyo hamtakuwa na nakala kumi na mbili za kitu kimoja, wala hamtategeana kila mmoja akidhani mwenzake amehifadhi.

Kuhusu mazungumzo marefu ya kujibizana, unaweza kuhifadhi ile ya mwisho iliyobeba zote za chini yake, ila kuna mitego miwili. Wa kwanza: mtu akijibu imeili, viambatisho vya mwanzo havifuati. Mchoro uliotumwa Jumatatu haumo katika jibu la Ijumaa. Wa pili: mazungumzo huwa yanagawanyika. Mmoja anamjibu mkurugenzi peke yake, mwingine anawajibu wote, na kila tawi linaendelea kivyake. Hapo kila tawi lina imeili yake ya mwisho, na zote zihifadhiwe.

#4 KatibuBMU_Kizingitini

Mimi nina masikitiko. Nyinyi mna ofisi na masjala. Sisi ni BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, tuna meza, benchi na simu ya katibu. Imeili ya kikundi ilifunguliwa na katibu aliyepita kwa jina lake mwenyewe na namba yake ya simu. Uchaguzi ukafanyika, akaondoka, na neno la siri akaondoka nalo. Si kwamba ni mtu mbaya, alihamia Mombasa kutafuta riziki na laini ile ya simu haitumii tena. Ndani ya imeili ile kuna barua za idara ya uvuvi, orodha za wenye vyombo, picha za nyavu zilizokatwa na meli, na barua tulizoandika kulalamika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe tumelipoteza. Tufanyeje?

#5 KaraniWaAmu

Ndugu yangu wa Kizingitini, pole. Usijione huna ofisi. Kikundi kinachoandikiwa na serikali na kinachojibu kwa niaba ya wavuvi ni ofisi.

Kwanza mtafuteni katibu wa zamani haraka. Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyofunguliwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na kila kilichomo. Akiingia hata mara moja saa hii inahesabiwa imetumika. Akikubali, Google ina huduma ya kupakua kikasha kizima kwa pamoja, na kinatoka katika faili la aina ya MBOX linalosomeka kwa programu nyingi. Wekeni nakala mbili, moja kwenye diski kwa mwenyekiti na nyingine mahali pengine kabisa, kisiwa kingine kama mnaweza.

Halafu fungueni anwani ya cheo, isiyo na jina la mtu. Simu ya kurejesha neno la siri iwe laini ya kikundi, na neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungwe, likae na mweka hazina. Katika makabidhiano ya viongozi wapya, pamoja na muhuri na kitabu cha risiti, iandikwe pia kwamba imeili imekabidhiwa na neno la siri limebadilishwa.

Na hizo barua zenu msizidharau. Kesi ya wavuvi kuhusu bandari ya Lamu ilifunguliwa 2012 na Mahakama Kuu ya Malindi ikaitolea hukumu tarehe 30 Aprili 2018, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Sehemu kubwa ya kesi ile ilihusu habari: wananchi waliambiwa nini kuhusu mradi, waliambiwa lini, walishirikishwa au hawakushirikishwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na hoja ya ushirikishwaji wa wananchi ikawa mbele tena. Kati ya siku barua inapoandikwa na siku inapohitajika inaweza kupita miaka sita au zaidi. Katibu wa BMU hubadilika mara kadhaa katika muda huo.

#6 FundiSeva_MLD

Niwasaidie upande wa mitambo, maana nazunguka ofisi nyingi kuanzia Malindi, Watamu mpaka huko kwenu Lamu.

Kuna kompyuta nyingi za ofisi ambazo bado zimesetiwa kwa POP. Maana yake imeili inashushwa kwenye mashine hiyo moja na mara nyingi inafutwa kwenye seva. Kumbukumbu zote za ofisi zinakaa kwenye diski ya kompyuta ya sekretari, na huko kwenu chumvi na unyevu hazichelewi kuua diski. Badilisheni iwe IMAP, ili imeili ibaki kwenye seva na mashine iwe dirisha tu la kuitazamia. Wanaotumia Outlook watafute kama kuna faili la PST kwenye diski, yaani faili ambamo Outlook huweka imeili. Nimekuta ofisi imetupa kompyuta kuukuu kumbe ndani mna PST yenye imeili za miaka yote.

La pili, mtu akiacha kazi, mara nyingi ofisi hufuta akaunti yake ili kuokoa pesa ya leseni. Kwenye Google Workspace mna siku 20 za kumrudisha mtumiaji aliyefutwa. Kwenye Microsoft 365 ni siku 30. Baada ya hapo msinipigie simu, siwezi kufanya muujiza. Msifute akaunti kabla kikasha hakijapakuliwa au kuhamishiwa kwa mwingine.

La tatu, bakapu si hifadhi ya kumbukumbu. Bakapu ni ya kurudisha mambo jana yalivyokuwa mashine ikifa leo, na baada ya muda inaandikwa juu yake. Ukiniuliza "nipatie imeili ya idhini ya jeti, yaani gati, ya 2019" kutoka kwenye bakapu, sina njia.

La nne, kupiga picha ya skrini si kuhifadhi imeili. Kila imeili ina kichwa kirefu kilichofichwa chenye anwani kamili za mtumaji na wapokeaji, saa, nambari ya kipekee ya ujumbe, na seva ilizopitia. Picha ya skrini haina hayo. Hata PDF ya kawaida inapoteza sehemu kubwa. Pakueni kwa EML, ambayo inabeba kichwa pamoja na viambatisho. Kwa kusoma haraka wekeni PDF/A, ile PDF ya kutunzwa muda mrefu, kando yake.

Lakini Bwana Karani, hapo kwenye kuchagua sikubaliani na wewe. Nafasi ya kuhifadhi siku hizi ni rahisi. Kwa nini tumchoshe Binti Mkomani kupepeta imeili hamsini kila siku? Tunzeni zote, mkitaka kitu mtatafuta kwa neno.

#7 KaraniWaAmu

Fundi, mengine yote umesema kweli tupu, na lile la siku 20 na 30 ningeomba libandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya wafanyakazi. Hilo la kutunza zote naomba tulizungumze kwa kina, kwa sababu ndilo jawabu jepesi ambalo wakubwa hulipenda.

Kwanza, kutafuta kwa neno kunategemea watu wameandika neno. Angalia vichwa vya imeili zetu, namaanisha ile mada inayoonekana juu: "Re: Re: Fwd: ile kitu", "Urgent", "Kuhusu jana". Aliyetoa idhini ya jeti hakuandika neno "jeti", aliandika "sawa, endelea". Mashine itaipata kwa neno gani?

Pili, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 39 kinasema data ya mtu isikae kuliko muda unaohitajika kwa kazi iliyokusanyiwa, isipokuwa kuna sheria au sababu halali ya kuiweka. Katika vikasha vyetu mna nakala za vitambulisho, ripoti za hospitali za wafanyakazi, namba za simu za wajane walioomba basari za watoto wao. Kuyaweka yote milele kwa kuwa nafasi ni rahisi ni kuwaweka watu hatarini siku kikasha kikivunjwa.

Tatu, ofisi ikiombwa habari ina zile siku 21. Kupekua imeili laki moja zilizochanganyika na matangazo ya hoteli ni kazi nyingine.

Lakini nakubali una hoja. Kumtegemea kila ofisa achague kila siku kumeshindikana hata kwa wenye uwezo mkubwa kuliko sisi. Marekani, idara yao ya nyaraka za taifa ilitoa utaratibu mwaka 2013 unaoangalia cheo badala ya imeili mojamoja. Vikasha vya wakubwa wanaofanya maamuzi huhifadhiwa moja kwa moja kuwa vya kudumu, vya wafanyakazi wengine kwa kawaida miaka saba, na vya makarani wa kusaidia miaka mitatu. Mtu bado anaruhusiwa kuondoa yale ya binafsi na takataka. Hapa kwetu naona tungeweza kuchanganya: kikasha cha katibu wa kaunti, wakurugenzi na wakuu wa miradi kitunzwe kizima, na juu ya hayo kila idhini ya mradi itiwe kwenye faili la mradi. Kwa sababu kikasha kinaonyesha mtu alifanya nini, na faili linaonyesha kazi ilikwendaje. Mkaguzi wa hesabu huulizia kazi.

#8 FundiSeva_MLD

Hapo kwenye vichwa vya imeili umenishika. Nakubali. Nitaongeza kwamba mwenye mfumo mzuri anaweza kuweka kanuni kwenye seva, kila imeili yenye namba ya faili kwenye kichwa ijipange yenyewe kwenye folda yake. Ila watu waandike hiyo namba.

#9 KaraniWaAmu

Ndiyo. Na hilo halihitaji pesa hata shilingi. Chukua imeili iliyoandikwa "Re: ile kitu". Iandike hivi: "MRD/14 Gati: ombi la idhini, mbao za ziada". Namba ya faili kwanza, jina la kazi, halafu unachotaka. Jambo moja kwa imeili moja. Ukimwuliza mkubwa kuhusu gati, posho na gari katika imeili moja, itatiwa faili lipi? Na unapoihifadhi, jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2024-03-11_MRD14_idhini-mbao. Zikiwa mia mbili kwenye folda zitajipanga zenyewe kwa tarehe.

#10 KaraniMahakamaMLD

Naongezea kutoka upande wa mahakamani, maana watu wengi hufika kaunta na karatasi zilizoprintiwa wakidhani yamekwisha. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inakubali kumbukumbu za kielektroniki, lakini kifungu cha 106B kinataka pawe na cheti. Cheti hicho kinaitambulisha kumbukumbu, kinaeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, na kinatiwa saini na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa au shughuli hiyo. Yule fundi wa ukuta angekuwa na imeili yenyewe kwenye kikasha chake, angeweza kuitoa upya ikiwa kamili na kuapa juu ya simu yake au kompyuta aliyotumia. Kwa hiyo wenye kufanya kazi na serikali nao watunze upande wao. Usiprinti halafu ukafuta ile ya asili.

#11 Mnunuzi_Mokowe

Bwana Karani, mimi nipo kwenye ununuzi. Nipe miaka. Watu wanasema saba, wengine kumi, wengine milele.

#12 KaraniWaAmu

Miaka haifuati imeili, inafuata kazi iliyomo ndani ya imeili. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kumbukumbu za kila zabuni zitunzwe si chini ya miaka sita baada ya mkataba, au baada ya zabuni kufungwa kama hapakuwa na mkataba. Imeili ya mzabuni anayeuliza ufafanuzi, na jibu ulilowapa wazabuni wote, ni sehemu ya kumbukumbu hizo sawa na fomu zenyewe. Mambo ya kodi ni miaka mitano kwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Maelezo ya ajira ya mfanyakazi, miaka mitano baada ya kuacha kazi, kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Madai ya mkataba nayo kwa kawaida yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita.

Hiyo ni sakafu. Ardhi na mipaka, fidia, makaburi, na ujenzi ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO imeuorodhesha tangu 2001, mimi nisingethubutu kuvitoa. Na miaka ikitimia, ofisi ya umma haifuti kimyakimya. Inaandikwa orodha, wanaulizwa Nyaraka za Kitaifa, idhini inatolewa kwa maandishi, na ile orodha yenyewe inatunzwa. Kukiwa na kesi au ukaguzi unaoendelea, kila kitu kinachohusika kinasimama palepale hata kama miaka imepita.

#13 Msiri_Hindi

Naomba kuuliza bila kutaja mtu. Mkubwa wangu hutumia Gmail yake binafsi kwa kazi zote. Anasema ile ya ofisi ni nzito kufunguka. Mimi ni mdogo kazini, nitamwambiaje?

#14 KaraniWaAmu

Kumbukumbu haigeuki kuwa ya binafsi kwa sababu imepitia anwani binafsi. Kilichomo ndani ndicho kinachoamua. Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Hillary Clinton, aliyetumia seva binafsi alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2013. Ilibidi baadaye akabidhi imeili zipatazo elfu thelathini, na mjadala wa zile ambazo hazikukabidhiwa haukwisha. Sheria yao iliyorekebishwa 2014 inasema ofisa akitumia anwani binafsi kwa kazi, aweke nakala kwenye anwani ya ofisi papo hapo au aipeleke huko ndani ya siku 20. Sisi hatufungwi na sheria hiyo, lakini utaratibu wake ni mzuri na hauna gharama.

Kwa hiyo usimpinge mkubwa, msaidie. Kila ukimwandikia, weka anwani ya masjala kwenye nakala. Akijibu kwa kuwajibu wote, jibu lake limeshafika ofisini. Akikupigia simu au akikupa agizo kwa WhatsApp, mwandikie kwa adabu siku hiyohiyo: "Mheshimiwa, kama ulivyoniagiza leo asubuhi, naendelea na jambo fulani kwa kiasi fulani." Asipokataa, una kumbukumbu. Hii inakulinda wewe na inamlinda yeye. Na hilo la uzito lifuatilie kweli kwa watu wa mitambo, kwa sababu watu huikimbia anwani ya ofisi inapowasumbua, na kuwakemea hakutairudisha.

#15 BintiMkomani

Nimesoma yote na nimeanza leo. Shirika letu linahifadhi picha na nakala za hati za zamani za familia, na ni aibu kwamba hati za Msikiti wa Riyadha zimeshapigwa picha za kidijitali watu wazisome, ilhali sisi hatuwezi kuonyesha makubaliano tuliyofanya na familia hizo juzi tu. Nina maswali mawili ya mwisho. Mwezi ujao mwenzangu wa fedha anaacha kazi. Nifanye nini kabla hajaondoka? Na la pili, siku hizi watu hawatumi kiambatisho, wanatuma kiungo cha Drive. Nikihifadhi imeili, hati inakuwa imehifadhika?

#16 KaraniWaAmu

Mwenzako wa fedha: kaeni naye angali yupo, kwa sababu yeye peke yake anajua "ile ya Faza" ni mradi gani. Mwombe aondoe ya binafsi kwanza, kwa heshima yake. Halafu mpitie kazi ambazo hazijaisha, mtie idhini zake kwenye mafaili. Andikeni karatasi moja ya makabidhiano, inayotaja anwani, folda, na watu wa nje waliokuwa wakimwandikia. Siku ya kuondoka badilisheni neno la siri, wekeni jibu la kujiendesha linaloelekeza watu kwa anwani ya cheo, na imeili zinazoingia zielekezwe huko. Kikasha kipakuliwe kizima na mtu wa pili akifungue kuhakikisha kinasomeka. Baada ya hapo ndipo fundi afute akaunti.

Kiungo cha Drive: hapana, hujahifadhi hati. Umehifadhi njia ya kwenda kwenye hati. Mwenye nayo akiifuta, akiibadilisha au akifunga ruhusa, kiungo chako hakifunguki, au kinafungua kitu kingine kisichokuwa kile kilichoidhinishwa siku ile. Pakua hati yenyewe siku hiyohiyo, ipe tarehe na namba ileile ya imeili, ziweke pamoja kwenye folda moja. Na wewe ukituma idhini ya mwisho kwa mtu, mtumie hati yenyewe ikiwa PDF. Kiungo kiwe cha kufanyia kazi rasimu tu.